Sauti ya Chini: Gitaa la Besi na Maisha ya Bendi za Kitale na Bungoma

Mwanafunzi wa Kiswahili anapopewa wimbo wa bendi auhakiki, aghalabu jambo la kwanza analolifanya ni kuyaandika maneno yake. Huyapanga katika mishororo na beti, akatafuta vina, takriri, jazanda na dhamira, kisha akauweka wimbo ule kando ya mashairi mengine kana kwamba ulizaliwa kitabuni. Hakuna ubaya katika kazi hiyo. Hata hivyo, wimbo wa bendi una sauti nyingine isiyotamka neno hata moja, na ambayo ikinyamaza, maneno yale yaliyohakikiwa kwa bidii huanza kupwaya. Sauti hiyo ni ya gitaa la besi. Makala haya yanalifafanua gitaa hilo, vifaa vyake, na maisha ya wale wanaolipiga katika miji ya Kitale na Bungoma na vituo vilivyo baina yao: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye.

Haja ya kufanya hivyo si ndogo. Katika miaka ya karibuni, bendi nyingi ndogo na makanisa mengi yamepata njia rahisi ya kuipata sauti ya chini. Mpiga kinanda huutumia mkono wake wa kushoto, au hukiachia kinanda chenyewe kiipige besi iliyohifadhiwa ndani yake. Mtu mmoja hufanya kazi ya watatu, na mwenye harusi hulipa nauli ya mtu mmoja. Hesabu hiyo haipingiki kwa urahisi. Lakini mpiga besi anapoambiwa abaki nyumbani, hubaki naye maneno, mbinu na kumbukumbu ambazo ni nadra kuzikuta zimeandikwa, kwa Kiswahili wala kwa Lubukusu.

Kidole gumba kabla ya gitaa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu wa magharibi ya Kenya waliijua sauti ya chini siku umeme ulipofika. Wabukusu wana litungu, chombo cha nyuzi saba au nane ambacho mwimbaji hukipiga huku akisifu, akionya au akisimulia habari za koo. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane. Abagusii wana obokano, chombo kikubwa kuliko hivyo viwili, ambacho sauti yake nzito imewafanya wataalamu wa muziki wakifananishe na ile fidla kubwa ya kusimama ya Ulaya. Nao Waisukha na Waidakho wa Kakamega hupiga isukuti, ngoma tatu za ukubwa mbalimbali, ile kubwa ikiwa na sauti nzito na ile ndogo ikilia kwa juu. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Kwa hivyo sikio la mtu wa sehemu hii lilikwisha kufunzwa kuwa muziki una ghorofa, na kuwa ghorofa ya chini ina mwenyewe.

Gitaa lisilotumia umeme lilipoenea, mafunzo hayo hayakupotea. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952, alikuwa akipiga gitaa moja kana kwamba ni mawili: kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kikiimba kwenye nyuzi nyembamba. Aliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilisikika hadi Kenya. Magharibi ya Kenya ilikuwa na fundi wake wa mbinu ya jinsi hiyo, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, ambaye mtindo wake ulijulikana kama omutibo. Yeye pia aliimba kwa Kiswahili, jambo ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawajalipa uzito unaolistahili. Baada yake walikuja Abana ba Nasery wa Bunyore, kundi la Shem Tube, waliotumia magitaa mawili na chupa tupu ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma. Hapakuwa na mpiga besi kati yao. Kazi yake ilifanywa na kidole gumba, na ilifanywa vizuri.

Mgawanyo wa kazi ulikuja na bendi za umeme. Katika miaka ya 1960, wakati Equator Sound Band ya akina Fadhili William na Daudi Kabaka ilipokuwa ikitamba kutoka Nairobi, utaratibu wa magitaa matatu ulikwisha kuzoeleka: solo, rithim na besi. Kile alichokifanya Mukabi peke yake kwa vidole viwili sasa kiligawiwa watu. Mabadiliko kama hayo yalitokea pwani pia. Huko Tanga, katika miaka hiyohiyo ya 1960, Black Star Musical Club ilitia gitaa la umeme na gitaa la besi katika taarabu, fani ambayo kule Zanzibar ilikuwa imeitegemea fidla kubwa ya kusimama kwa sauti ya chini. Wapo waliolalamika kwamba taarabu imeharibiwa. Leo hakuna anayeweza kuisimulia historia ya taarabu bila kuitaja Tanga.

Ikiwa msomaji anataka kusikia gitaa la besi likifanya kazi yake kwa ukamilifu, na ausikilize wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa mwaka 1978 kutokana na mgawanyiko wa Simba Wanyika. Gitaa la besi katika bendi hiyo lilikuwa mikononi mwa Tom Malanga. Besi yake haikujificha chini ya magitaa mengine. Inaanza, inasema kitu kifupi, inanyamaza, halafu inarudi, na ule ukimya wa katikati una uzito sawa na noti zenyewe. Mtu aliyeusikia wimbo huo mara nyingi anaweza kuiimba besi yake kwa mdomo kabla hajakumbuka beti. Hii ndiyo rumba ya Kiswahili iliyokomaa Nairobi kwa mikono ya Watanzania na Wakenya.

Benga ni mambo mengine. D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, kama wapigaji wengine wa benga, waliyapeleka magitaa mbio kwa kuiga miondoko ya nyatiti, na besi ikawa haipati nafasi ya kupumua. Hukimbia pamoja na ngoma, huruka noti mbili tatu na kurudi, na mara nyingine huachiwa uwanja peke yake wakati magitaa mengine yamenyamaza. Mpiga besi wa Kitale au Bungoma hana budi kuzijua lugha hizi mbili na kuongeza ya tatu, yaani ile ya nyimbo za injili, kwa sababu hadhira yake ni mchanganyiko. Hapo mtu anaweza kuitwa mpigaji bora wa rumba na bado ashindwe kumaliza usiku mmoja wa benga, vidole vikiwa vimevimba.

Chombo chenyewe na jamaa zake

Gitaa la besi la umeme tunalolijua lilianza kuuzwa mwaka 1951 na Leo Fender wa Fullerton, California. Alilipa jina la Precision, yaani usahihi. Jina hilo lilikuwa na sababu. Fidla kubwa ya kusimama haina alama shingoni, na mpigaji huitafuta noti kwa sikio na mazoea. Fender alipachika vijiti vya chuma shingoni, na kidole kikiwekwa nyuma ya kijiti, noti hutoka sahihi. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ametengeneza besi ya umeme katika miaka ya 1930, ila haikuenea. Fidla kubwa ina faida zake, lakini jaribu kuipakia katika matatu ya kwenda Kimilili.

Besi ya kawaida ina nyuzi nne, nene kuliko za gitaa la kawaida na ndefu zaidi: sehemu inayotetema ina sentimita 86 hivi, ilhali katika gitaa la kawaida la umeme ni kama 65. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba, hupatanishwa E, A, D na G. Uzi wa E ukipigwa bila kubanwa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, wa A mara 55, wa D mara 73 na wa G mara 98. Yapo magitaa ya nyuzi tano, yanayopendwa sana na wapigaji wa makanisani, ambayo huongeza uzi wa B unaotetema mara 31 tu kwa sekunde. Mtetemo wa jinsi hiyo husikika tumboni kabla ya masikioni.

Chini ya nyuzi zimo sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetema juu yake, uga wa sumaku hutikisika na mkondo mdogo wa umeme huzuka katika waya ule. Hiyo ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni, ambazo siku hizi hufungwa katika vyombo vingi vya asili, zingekuwa bubu zikiwekwa kwenye gitaa la umeme. Kifaa hicho cha sumaku wanamuziki hukiita pikapu. Kwa kuwa gari dogo la mizigo linalobeba vyombo vya bendi nalo huitwa pikapu, mtu anayetangaza kwamba pikapu imeharibika usiku wa harusi huwa hajaeleweka mpaka aongeze maneno.

Mkondo huo mdogo hauwezi kutikisa spika hadi ukuzwe. Hapa ndipo matatizo mengi ya bendi za mashinani yanapoanzia. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Ili besi isikike sawasawa na gitaa la solo, inahitaji nguvu nyingi zaidi za umeme na spika yenye uso mpana, kwa kawaida ya inchi 10 au 15, katika sanduku kubwa. Amplifaya ya wati 30 yaweza kumtosha mpiga solo ukumbini. Mpiga besi mwenye wati 30 atafungua kitufe hadi mwisho, sauti ianze kukwaruza, na spika iraruke. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa amplifaya ya besi ya wati 300 mwaka 1969, wengi waliiona kama kichaa. Ilikuwa hesabu ya kawaida: kuongeza sauti kwa desibeli 10, ambazo sikio huzihesabu kama maradufu, hutaka nguvu mara kumi.

Hesabu nyingine ambayo imegharimu bendi nyingi ni ya ukinzani. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, amplifaya huziona kama omu 4. Zikiongezwa mbili nyingine, zinakuwa omu 2, na amplifaya isiyojengewa mzigo huo huchemka na kuungua. Kijana anayeongeza spika kwa nia njema, ili watu wa nyuma nao wasikie, huiua mashine bila kujua. Amplifaya za zamani za taa zina ugonjwa wa kinyume: zikiwashwa na kupigwa bila spika yoyote, huweza kuungua pia.

Umeme wenyewe si rafiki wa kuaminiwa. Nyuzi za gitaa huunganishwa na waya wa ardhini ili kupunguza mvumo. Ukumbini penye nyaya zilizotandazwa vizuri, jambo hilo halina madhara. Lakini uwanjani, penye jenereta isiyofungwa waya wa ardhini, gitaa laweza kuwa upande mmoja wa umeme na maikrofoni upande mwingine. Mpigaji anayegusa nyuzi huku midomo yake ikigusa maikrofoni huwa ndiye anayeziunganisha. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki kwa njia hiyo jukwaani Swansea mwaka 1972. Wapigaji wazoefu huigusa kwanza maikrofoni kwa nyuzi za gitaa, wala si kwa midomo, na wakiona cheche hawapandi jukwaani mpaka fundi arekebishe. Bendi isiyo na desturi hiyo haifai kumwalika mtu yeyote aimbe.

Mahali nako kuna neno lake. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma kama mita 1,400. Mbao hunywa unyevu masika na kuuachilia kiangazi, na shingo ya gitaa, iliyovutwa na nyuzi nne nene usiku na mchana, hupinda kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa ili kuinyosha. Wengi hawaijui, na huhangaika miezi na gitaa ambalo nyuzi zake zimepanda juu mno, wakidhani limezeeka. Robo mzunguko wa ufunguo mdogo ungetosha.

Nyuzi nazo ni ghali, na seti moja ya besi hugharimu kuliko seti ya gitaa la kawaida. Kwa hiyo wapigaji wa besi, si wa Kenya pekee bali duniani kote, huzichemsha. Uzi wa besi ni waya mmoja uliozongwa na mwingine, na katikati ya mizongo hujaa jasho, mafuta ya vidole na vumbi hadi sauti ikafa. Sufuria la maji yanayochemka kwa dakika chache huutoa uchafu, na uzi ukikaushwa vizuri hurudiwa na uhai kwa majuma kadhaa. Kisha unakufa tena, na kila mara huchukua muda mfupi zaidi kufa. Ni tiba ya maskini, nayo ina mipaka.

Katika kanisa dogo au ukumbi wa baa, besi ina hila moja zaidi. Wimbi la sauti la uzi wa E lina urefu wa zaidi ya mita 8, pengine kuliko upana wa chumba chenyewe. Hugonga kuta, hurudi, na hujikusanya pembeni. Amplifaya ikisukumwa kwenye kona, sauti huvimba na kuwa kelele isiyo na noti. Anayesimama katikati anaweza kusikia besi kidogo sana huku aliyeketi ukutani akitikiswa. Kuisogeza spika mita moja kutoka kwenye kona huponya malalamiko ambayo waumini waliyaelekeza kwa kijana wa watu.

Mwenye vyombo

Katika masimulizi ya bendi za Afrika Mashariki, kuna mtu asiyeimba wala kupiga chochote, lakini jina lake hutajwa kwa unyenyekevu. Naye ni mwenye vyombo. Bendi kubwa za Tanzania zilimilikiwa na mashirika, kama DDC Mlimani Park ilivyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Kenya ilikuwa na Maroon Commandos ya jeshi. Katika miji ya kadiri ya Kitale na Bungoma, mwenye vyombo aghalabu ni mwenye hoteli, mfanyabiashara au kanisa. Wapigaji huja na vidole vyao tu. Wakikosana naye, huondoka na vidole hivyohivyo, na gitaa lililozoea mikono yao hubaki likimsubiri mwingine.

Kwa sababu hiyo, kumiliki gitaa la besi ni zaidi ya kuwa na chombo. Mpigaji mwenye gitaa lake anaweza kuitwa na bendi tatu mwezi mmoja na akakataa mojawapo. Asiye nalo hakatai. Kati ya vitu vyote vya jukwaani, besi ndicho ambacho vijana hukinunua mwisho, kwa sababu haipigwi peke yake nyumbani ikapendeza majirani, na kwa sababu gitaa bila amplifaya yake ni nusu ya ununuzi.

Kazi yenyewe ina misimu. Desemba ni harusi. Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa, Wabukusu hutahiri vijana wao, na baada ya njuga za chinyimba na nyimbo za barabarani, ziko sherehe ambazo mwenye uwezo huziitia bendi. Matanga hayana msimu. Katika sehemu hii ya Kenya, muziki wa kukesha na marehemu ni desturi ya muda mrefu, ingawa watawala wameupiga vita mara kwa mara kwa sababu ya fujo za usiku. Bendi ya matanga hupiga hadi alfajiri, na pakija baridi ya Mlima Elgoni saa tisa za usiku, mpiga besi ndiye anayeteseka kwanza, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubana nyuzi nene.

Jumapili, huyohuyo huenda akawa kanisani. Makanisa ndiyo shule kuu ya besi katika eneo hili. Kwaya za Marafiki, za Kikatoliki na za Kipentekoste zimewafundisha vijana wengi kuisikia sauti ya nne kabla hawajagusa gitaa, na Jeshi la Wokovu, lenye mizizi mirefu Bungoma, lina mabomba yake makubwa ya shaba yanayofanya kazi ileile. Kijana aliyeimba besi kwaya huwa na faida: hutambua mahali sauti inapopaswa kutua. Tatizo huja pale kanisa linapomtaka asionekane tena baa, na baa ndiyo inayolipa. Kila mpigaji hulitatua suala hilo kwa namna yake, na wengi hulitatua kwa kutolizungumza.

Ndani ya bendi, mwandani wa mpiga besi ni mpiga ngoma. Mguu wa mpiga ngoma unapokanyaga ile ngoma kubwa na noti ya besi ikaangukia papo hapo, hadhira husikia kitu kimoja. Wakiachana kidogo tu, watu huacha kucheza bila kujua kwa nini. Ndiyo maana mpiga besi hutazama mguu wa mwenzake, wala hatazami wasichana walioko mbele, kama mpiga solo anavyofanya. Solo hukosea na ikaitwa ubunifu. Besi ikikosea, kila mtu hugeuka. Mwanafunzi wa ushairi ataelewa akikumbuka kina cha bahari katika utenzi: hakuna msikilizaji anayekisifu kinaporudi mwishoni mwa kila ubeti, ila kikikosekana hata mtoto atajua pana kasoro.

Ipo gharama isiyolipwa usiku huo. Wataalamu wa afya ya kazi hukadiria kwamba sikio linaweza kustahimili desibeli 85 kwa saa 8, na kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hugawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100, ambazo ni za kawaida jukwaani, zinabaki dakika 15. Bendi hupiga saa sita. Mpiga besi husimama kati ya matoazi na spika yake mwenyewe, na mlio unaobaki masikioni asubuhi, ambao wengi huufanyia mzaha, ni dalili ya sikio lililoumia.

Maneno ya jukwaani

Kitale ni mji wa watu wengi. Mashamba ya walowezi yaliyogawanywa baada ya uhuru yaliwaleta Wabukusu, Wakikuyu, Waturkana na wengine mahali palipokuwa na Wasabaoti na Wapokoti. Bendi ya watu watano yaweza kuwa na lugha za mama nne, na mazoezi hufanywa kwa Kiswahili. Bungoma, kwa upande wake, Lubukusu huingia mara kwa mara, hasa mzaha unapohitajika. Kiswahili hicho cha mazoezini hakifanani na cha vitabu, lakini kina kanuni zake.

Chukua neno gitaa. Sarufi hutufundisha kusema gitaa la besi na magitaa ya besi. Wapigaji wengi husema gita ya besi na gita za besi, wakilitia neno katika ngeli ambayo vifaa vingi vya kigeni hukimbilia, kama redio na kompyuta. Mwalimu atasahihisha, ngeli haitasahihishika kwa kalamu nyekundu. Vitenzi navyo vimegawana kazi. Solo hucharazwa. Kinanda hupapaswa. Besi, hasa kwa watangazaji na wapenzi wa muziki wa Tanzania, hukung'utwa, kitenzi kinachobeba uzito na mpwitompwito kwa pamoja, na ambacho mtunzi wa istilahi aliyekaa ofisini asingekifikia.

Palipo na udhaifu ni katika istilahi rasmi. Neno kipaza sauti limetumika kwa kifaa kinachopokea sauti ya mwimbaji, kwa kile kinachoikuza na kwa kile kinachoitoa. Vitu vitatu, neno moja. Fundi akipigiwa simu kutoka Chwele kwamba kipaza sauti kimeungua, aende na nini? Wanamuziki walikwisha kulitatua: maiki, amplifaya, spika. Maneno hayo ni ya kukopa, na wapo watakaoyanung'unikia. Lakini istilahi inayoweza kumfanya mtu abebe kifaa kisichohitajika usiku wa manane imeshindwa kazi yake, hata ikiwa na mizizi ya Kibantu iliyo safi namna gani. Kikuza sauti lingefaa kwa amplifaya, na lina uwazi. Ila litaingia tu iwapo litapelekwa mazoezini, maana huko ndiko linakohitajika.

Maarifa mengine hayana neno kabisa. Mpiga besi anapomfundisha mwenzake wimbo mpya, humwambia mfuatano wa sauti kwa namba, moja, nne, tano, kisha humwimbia besi yenyewe kwa mdomo: dum, du-du, dum. Silabi nzito ni noti ya kushikilia, nyepesi ni ya kuruka, na kimya ni kimya. Watu wawili waliozoeana wanaweza kupokezana wimbo mzima hivyo ndani ya matatu, kati ya Webuye na Kitale, bila gitaa wala karatasi. Wanaosoma tanakali za sauti katika Kiswahili wangepata humo sura nzima ya tasnifu.

Mtafiti atakayekwenda kuikusanya elimu hiyo ajue jambo moja la kiufundi. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Akiusikiliza nyumbani wimbo aliourekodi, atahisi kama ameisikia besi, lakini mara nyingi ubongo wake ndio unaoijaza kutokana na vivuli vyake vya juu; akiuandika wimbo kwa kutegemea simu, atakosea noti. Na atumie vifaa vya kusikilizia vinavyofunika masikio, akiweke kinasa sauti mbali na kona ya ukumbi, na kabla ya bendi kuanza aandike majina ya wapigaji wote. Jina la mwimbaji litakuwa kwenye bango tayari. La mpiga besi itambidi aliulize.